Msindano wa buku kuwa bonsai: wa kwanza niliuua kwa siku moja

Mkuu umesema umenunua mche wa msindano kitaluni kwa buku, unafika magotini, unataka uwe bonsai, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo kwenye chungu, wa kuweka mezani sebuleni huko Dar na umeuliza uanze kukata wapi. Usikate kitu kwanza. Weka mkasi chini nikusimulie.

Mi nipo Mafinga, huku misindano (paini) kila mtu ana shamba au ana shemeji mwenye shamba, kwahiyo miche ya kufanyia majaribio haijawahi kuwa shida. Wa kwanza niliuanza 2019. Nilikesha naangalia video, asubuhi Jumamosi nikachana kiriba, nikaosha udongo wote kwa maji ya bomba mpaka mizizi ikabaki kama tambi, nikakata nusu, nikapunguza matawi, nikazungushia waya, nikaupanda kwenye bakuli la udongo, yote hayo kabla ya saa saba mchana. Nikapiga picha nikaweka status, watu wakasifia. Sasa msindano una unafiki mmoja, unakufa leo halafu unabaki kijani wiki tano sita, mi kila jioni namwagilia maiti. Siku nimepitisha kiganja kwenye tawi sindano zote zikabaki mkononi.

Mzee mmoja wa kitaluni nilipomweleza aliniuliza swali moja tu, "na ule ukungu mweupe kwenye mizizi uliuosha?" Nikasema ndio, nilidhani ni ugonjwa. Akacheka sana. Kumbe ule ukungu ndio unaoisaidia mizizi kunyonya maji na chakula, msindano bila huo unadumaa, na ndio maana wenye vitalu huku wanachota udongo chini ya misindano mikubwa wanauchanganya kwenye viriba. Tangu siku hiyo sioshi mizizi. Nikihamisha mche naacha karibu nusu ya udongo wake wa zamani, naongezea konzi moja ya udongo wa msituni.

Kuhusu kuchagua, ukirudi kitaluni usichukue ule mche mzuri ulionyooka. Omba masalia, ile iliyopitiliza, imekaa misimu miwili haijauzwa, imepinda, mizizi imejikunja chini ya kiriba. Mtu wa shamba haitaki kwasababu mti wa hivyo hauna mbao ya maana na upepo unaweza kuuangusha, ila wewe unatafuta shina nene na fupi na ndio hiyo. Mi wa sasa niliokota kwenye rundo la kutupa, sikulipa hata mia. Fukua kidogo shingoni kwa kidole uone mizizi inavyotoka, ukikuta mmoja umejiviringisha kwenye shina kama nyoka achana na mche huo, utajikaba wenyewe. Halafu angalia chini kuna matawi yenye sindano za kijani? Hili ni muhimu kuliko yote kwasababu msindano sio mpera, ukikata tawi ukabakiza mti mtupu usio na sindano usitegemee litachipua tena, limeenda hilo.

Mwaka wa kwanza kazi ni mizizi tu. Subiri mwezi wa kumi, mvua zikikaribia na vichipukizi vya juu vimeanza kuvimba. Mi nilitumia dumu la mafuta ya kula la lita tano nililolikata ubavuni, matundu nikatoboa kwa msumari wa moto. Udongo wake ni tofali la kuchoma nililoponda mpaka punje zikawa saizi ya mahindi, nikachekecha vumbi lote likatoka, pamoja na mchanga mnene wa mtoni, maji yanapita hapohapo. Mizizi iliyojiviringisha chini kata theluthi basi, ufunge mti kwa waya usitikisike, uweke kivulini wiki mbili tatu halafu utoe kwenye jua kali. Juu usiguse. Najua inauma kukaa mwaka mzima unaangalia mche ndani ya dumu la mafuta, lakini kuna msindano wa Wajapani ulioanza kutunzwa 1625, ulinusurika bomu la Hiroshima 1945, sasa hivi upo Washington, we hata mwezi hujamaliza ushashika mkasi.

Waya ni mwaka wa pili. Usinunue wa bei, nenda kwa fundi umeme akuuzie vipande vya kopa, chuna plastiki, kisha uweke kwenye makaa mpaka uwe mwekundu uuache upoe, utaona unapinda kama ufito mbichi. Unene wake uwe kama theluthi ya unachokipinda, ukiwa mwembamba weka miwili sambamba. Anza kuuzika kwenye udongo nyuma ya shina halafu panda nao kwa mshazari, kisha pinda kwa vidole gumba viwili taratibu, ukisikia "ka" simama hapohapo. Mi kipindi cha mvua nilisafiri mwezi mzima, kurudi nakuta waya umezama kwenye gome, kovu lipo mpaka leo. Na kuutoa usiuzungushe kinyume, ukate vipande vipande na koleo.

Kilele usikikate mapema, kiache kirefuke hata mita, hicho ni cha kafara, kinanenepesha shina, utakiondoa baadae ubaki na tawi la chini kama kilele kipya.

Sasa ukweli ambao hutaupenda. Misindano ya huku mingi ni aina inayoitwa patula, asili yake milima ya Mexico, sindano zake zinaning'inia na zinafika sentimita 20 na kitu. Bonsai ya sentimita 20 yenye sindano za 20 inafanana na mtu aliyetoka kuoga hajachana nywele. Wa kwangu nimeuacha ufike sentimita 55 ndio umeanza kueleweka, unaonekana kama mti unaolia. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye tako la sindano ni wadudu, osha na maji ya sabuni, rudia baada ya wiki.

Na sebuleni sahau kabisa, ndani hauishi, na patula kwa joto la Dar hata nje utakusumbua tu. Ningekuwa mimi ningeenda vitalu vya barabarani huko nikatafuta mvinje. Kwa mbali majani yake ni kama sindano, una vitunda kama vya msindano ila vidogo, unachipua ukikatwa, joto na chumvi umezaliwa navyo, na Waindonesia wanatengenezea bonsai kali sana. Maji tu usiunyime. Huo wa buku mpe mtu anayepanda basi la Njombe, kwenye baridi.