Umevua gogogo usiyemfahamu? Mhesabu kwanza

Mara ya kwanza nilipodhani nimepata spishi mpya nilikuwa Kigoma, mkononi nina gogogo, samaki wa jamii ya kambare, mwenye madoa ambayo sijawahi kuyaona. Nikaita watu. Mzee mmoja mvuvi akamgeuza tumbo, akacheka: "Mwanangu, huyu mtoto wa yule wa jana." Na kweli. Gogogo hubadilika madoa kadiri anavyokua. Ukiyategemea peke yake utaumbuka kama mimi.

Ndiyo maana nasema uhesabu vijiti vya mapezi. Mwaka 2006 wataalamu wa samaki Jeremy Wright na Lawrence Page walipowapitia upya gogogo wa Ziwa Tanganyika, walieleza spishi tatu mpya. Mmoja wao, Synodontis grandiops, alikuwa amejificha kwa miaka yote ndani ya S. multipunctatus, aliyepewa jina na mtaalamu mwingine, Boulenger, mwaka 1898. Madoa yao karibu ni yale yale. Ila grandiops ana jicho kubwa zaidi, na vijiti laini vya pezi lake la kifuani ni 7, mwenzake ana 8. Kijiti kimoja tu! Mwingine, S. lucipinnis, wafuga samaki wa mapambo walikuwa wakimwita petricola, jina la spishi nyingine, kumbe ana vidirisha vyeupe kwenye mashina ya mapezi.

Mpige picha akiwa hai, maana rangi haikai. Kisha kata kipande cha pezi la kulia, ukitie kwenye ethanoli, kabla samaki hajaingia kwenye fomalini, dawa ya kumhifadhi asioze. Fomalini huharibu vinasaba. Usikate la kushoto, kwa kuwa vipimo huchukuliwa upande huo. Na akishasimamisha miiba usimvute wavuni kwa nguvu. Inajifunga kama komeo, utachana wavu na kidole.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa la kisu wala la kuhesabu. Niliandika lebo kwa kalamu ya wino. Ethanoli ikaufuta wote, nikabaki na samaki 14 wazuri wasio na mahali wala tarehe. Tumia penseli, na karatasi iingie ndani ya chupa pamoja na samaki. Ukiandika kwenye kifuniko, siku moja vifuniko vitabadilishana.

Wale 14 bado ninao kabatini. Juzi nilimtoa mmoja mwenye jicho kubwa, nikahesabu vijiti mara mbili: 7. Nilimvua wapi, sikumbuki.