Maswali ya Wasomaji: Viluwiluwi Kidimbwi Kinapokauka

Barua nne tulizozichagua safari hii zimetoka pande mbalimbali za Mombasa, na zote zinahusu chura na maji yanayomkimbia. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo yenye mambo mengi.

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumba yetu iko Utange, na nyuma yake kuna timbo la zamani ambalo halichimbwi tena mawe. Mvua za vuli zililijaza, vyura wakaja wakalia usiku kucha, na sasa kaskazi imeshika, maji yamebaki upana wa mkeka mmoja na kina chake hakifiki kifundo cha mguu. Ndani yake viluwiluwi wamejaa hadi maji yanaonekana kama yanachemka. Mjukuu wangu wa miaka 9 aliwateka baadhi yao akawatia katika beseni la maji ya mfereji, na asubuhi yake wote walikuwa wameelea. Akajaribu tena kwa maji ya kisima chetu, nao hawakufika magharibi. Yangeyange wanakuja kila alfajiri kuwadonoa waliobaki. Baba yake mtoto asema tuwaache, hayo ndiyo maumbile, lakini mtoto halali. Je, kuna njia ya kuwaokoa, ama tunawatesa bure? – Bibi, Utange

JIBU: Wa alaykum salaam, bibi. Nianze na yale mabeseni mawili, ili mjukuu wako asije akadhani kwamba mkono wake una nuksi. Maji ya mfereji hutiwa klorini ya kuua vijidudu, na kiasi ambacho hakimdhuru mtu anayeyanywa chatosha kuyaunguza matamvua ya kiluwiluwi, yaani viungo anavyopumulia majini, ambayo ni laini kupita kiasi. Maji ya kisima yana kasoro nyingine. Visima vyetu vingi vya pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, ambayo yana vitundu kama sifongo na hupitisha maji ya bahari kutoka chini, kwa hivyo maji yake huwa na chumvichumvi hata pale ambapo ulimi uliozoea hauitambui sana. Ngozi ya kiluwiluwi haizuii chumvi. Akitiwa katika maji hayo mwili wake hupoteza maji huku yeye yumo majini. Kwa hivyo kosa halikuwa la mtoto, lilikuwa la maji.

Baba yake naye ana haki, ila ni nusu ya haki. Chura hutaga katika kidimbwi cha msimu kwa kuwa ni cha msimu. Maji yanayokauka kila mwaka hayakai samaki wengi, na samaki ndiye adui mkubwa wa mayai na viluwiluwi. Chura wa kawaida wa uani, yule mwenye ngozi ya mabaka na vinundu, hutaga mayai kwa maelfu katika nyuzi ndefu za ute, na tangu hapo ni wachache tu kati yao wanaotarajiwa kufika nchi kavu. Viluwiluwi wa vyura wengi pia huhisi maji yakipungua, wakaharakisha kukua na kutoka wakiwa wadogo kuliko kawaida, kama wasafiri wanaosikia honi ya feri wakaacha chai mezani. Basi katika mwaka wa mvua za kutosha ningekubaliana naye moja kwa moja. Lakini mvua zikikatika mapema, na kidimbwi chenyewe kikiwa ni shimo lililochimbwa na binadamu, sioni ubaya wowote wa binadamu huyo huyo kumpa chura siku kumi zaidi.

Na siku hizo hupatikana kwa urahisi zaidi kwa kuyapeleka maji kwa viluwiluwi kuliko kuwapeleka viluwiluwi kwenye maji mengine. Hili ndilo ningependa mjukuu wako alishike. Kidimbwi chenu, kama ni upana wa mkeka wa mita 2 kwa mita 1, kinahitaji mtungi mmoja wa lita 20 ili maji yapande kwa sentimita 1. Mitungi mitano itawapa kina cha kidole kirefu, na mtoto akisaidiwa na wenzake ni kazi ya jioni moja. Maji bora ni ya mvua, kama mna tangi linalokinga ya paa. Kama hamna, yatieni ya mfereji katika karai au beseni pana lisilofunikwa, yakae mchana kutwa na usiku kucha, klorini iondoke. Yamwagieni polepole juu ya jiwe lililo ukingoni, baada ya jua kutua, maana yakimiminwa kwa kishindo huvuruga tope, na tope likipanda viluwiluwi hushindwa kupumua.

Baada ya maji, kivuli. Wekeni vijiti na mtandaze makuti mawili matatu juu ya nusu ya kidimbwi, upande unaopigwa na jua la adhuhuri. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na ndiyo sababu ya ule mchemko uliouona: viluwiluwi wanapanda juu kugugumia hewa. Makuti hayo yatawapa pia mahali pa kujificha wasionwe na yangeyange, ambaye sitaki mumrushie mawe, kwani naye ana makinda wa kulisha. Msijaribu kukichimba kidimbwi ili kiwe na kina zaidi. Chini ya lile tope la mfinyanzi kuna matumbawe, na mkilitoboa, maji yote yatakwenda kwa saa chache.

Ikiwa mmefanya yote hayo na bado kidimbwi kinakufa, tope limeanza kupasuka pembeni na kunuka, hapo ndipo mtateka. Tekeni wachache, na muwachague. Ukimlaza kiluwiluwi ndani ya kata yenye maji na kumtazama kwa utulivu, utaona kama mwanzo wa mkia umeota vijiguu viwili vyembamba vilivyokunjwa kama uzi. Huyo ana miguu ya nyuma, amekaribia kumaliza safari, na msaada wa siku chache utamfaa. Yule mdogo mweusi mithili ya punje ya pilipili manga yenye mkia bado ana wiki kadhaa mbele yake, na kwa hakika sioni nyumba yenye shughuli zake ikimfikisha.

Mtumie maji ya kidimbwi chenyewe, yaliyochujwa kwa kitambaa, na beseni pana badala ya ndoo, kwa kuwa hewa huingia majini kupitia uso wake. Kiluwiluwi mmoja au wawili kwa kila lita wanatosha. Wakirundikana, uchafu wao huyageuza maji kuwa sumu. Beseni likae kivulini, lifunikwe kwa kipande cha chandarua ili kunguru wasiwamalize na mbu wasitage humo. Kila baada ya siku mbili punguzeni theluthi ya maji na kuongeza yaliyotulia. Chakula ni jani la mchicha lililochemshwa likalainika, kipande kisichozidi ukucha wa dole gumba, na kinachobaki kiondolewe kabla hakijachacha. Mkate na wali msiwape.

Siku miguu ya mbele itakapochomoza, acheni kulisha kabisa. Kinywa chake wakati huo kinabadilika kutoka cha kukwangua ukoko wa kijani kuwa cha kukamata wadudu, na chakula chake ni mkia wake mwenyewe, ambao mwili unaunyonya kidogo kidogo. Matamvua yameondoka na mapafu yameshika kazi, kwa hivyo asipopata jiwe la kupanda atazama afe, na wengi waliolea viluwiluwi wamewapoteza hapo baada ya taabu yote. Inamisheni beseni kidogo na kuweka jiwe lenye mteremko. Mkia ukishakuwa kibutu tu, mrudisheni palepale timboni baada ya magharibi, chini ya majani mabichi, mkiangalia kwanza kwamba hakuna msafara wa siafu.

SWALI: Hapa Changamwe jirani yangu anamwaga oili chafu ya gari katika kila dimbwi, akisema kuna viluwiluwi wa mbu na anatukinga na dengue. Mimi naona wale ni wa chura. Nitawatofautishaje? – Msomaji, Changamwe

JIBU: Lugha yenyewe imetutia katika mtego huu, maana jina ni moja kwa watoto wa mbu na wa chura. Wa mbu ni mwembamba, hazidi milimita chache, hana kichwa cha mviringo kinachoungana na tumbo, na akiwa ametulia huning'inia chini ya uso wa maji akipumulia upande wa mkia. Ukipiga kivuli chako juu yake hushuka kwa kujipinda na kujikunjua. Wa chura ana kichwa na tumbo vilivyoungana kama kokwa, na mkia bapa unaochezacheza kama wa samaki. Mgeuze tumbo ndani ya glasi, na mara nyingi utaona utumbo wake umejizungusha kama tambi.

Jirani yako ana sababu ya kuhofu. Dengue ilizuka hapa Mombasa mwaka 2013, na chikungunya ilitupiga mwaka 2004, ikarudi mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Lakini mbu anayeeneza maradhi hayo mawili hupenda maji ya vyombo: mapipa yasiyofunikwa, matairi, madebe, visahani vya vyungu vya maua. Hiyo oili inamwagwa mahali ambapo si maskani yake hasa, na huko inawaua viluwiluwi wa chura, ambao pia hupanda juu kuvuta hewa, kisha inazama ardhini na kuelekea visimani. Mwombe aje mkague mapipa pamoja. Na kama ni mtu wa msikitini, mkumbushe ile hadithi ya tabibu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akakataza chura asiuawe. Nadhani neno hilo litamwingia kuliko langu.

SWALI: Nimechimba kidimbwi bustanini kwangu Nyali. Naweza kuwaletea viluwiluwi wa Shimba Hills, ambao nao najua wakati wa kiangazi wanateseka? – Msomaji, Nyali

JIBU: Hapana. Shimba Hills ni hifadhi ya taifa, na kuchukua mnyama humo bila idhini ni kosa kisheria, awe tembo au kiluwiluwi. Humo yumo chura mdogo wa matete aitwaye kwa jina la kisayansi Hyperolius rubrovermiculatus, ambaye makao yake duniani ni vilima hivyo peke yake. Ukimleta Nyali utakuwa umemtoa katika pahali pekee anapopaweza. Zaidi ya hayo kuna ukungu wa ngozi unaoua vyura, ambao husafiri ndani ya maji na katika tope lililoganda kwenye viatu, na umeshaangamiza jamii nyingi za vyura katika nchi mbalimbali. Kuhamisha viluwiluwi kutoka kidimbwi kimoja hadi kingine, hata kwa nia njema kabisa, ni njia moja ya kuueneza. Weka maji safi, majani ya kando na ukingo wenye mteremko, usitie samaki, kisha ungoje masika. Vyura wa Nyali watakupata wenyewe.

SWALI: Huku Mtongwe, juu ya tawi lililoinamia kidimbwi chetu, kuna povu jeupe kubwa kama ngumi mbili, mfano wa povu la sabuni. Wazee wanasema ni kiota cha chura. Maji ya chini yamekauka tangu juzi. Nilitoe? – Msomaji, Mtongwe

JIBU: Usiliguse kwanza. Wazee wako wamesema kweli: ni kiota cha chura wa mtini ambaye hutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma, kama mpishi anavyopiga mayai, hadi ukawa povu, kisha akataga ndani yake. Ngozi ya nje hukauka ikawa gamba, na ndani hubaki unyevu unaowalinda mayai na jua. Baada ya siku chache, mara nyingi kati ya nne na sita, sehemu ya chini hulainika na viluwiluwi hudondoka mmoja mmoja katika maji ambayo mama yao aliyaona siku ile akiwa juu ya tawi.

Maji hayapo, basi mtegee beseni. Liweke sawasawa chini ya povu, liwe pana, lenye maji ya mvua au yaliyotulia yenye kina cha kiganja, na ulizungushie mawe ili mbuzi wasilipindue. Liweke leo, kwa kuwa hujui povu lina siku ngapi. Ukiamka ukakuta sehemu ya chini imelegea na kuning'inia kama tone la uji, jua wameanza kushuka; wengine hukwama kwenye majani, nao unaweza kuwasukuma taratibu kwa unyoya uliolowa. Kuanzia hapo watunze kama nilivyomweleza bibi wa Utange, isipokuwa hawa watakuwa wadogo sana na watakaa kwako kwa wiki nyingi. Mvua ikinyesha katikati na kidimbwi kikajaa, wamimine humo jioni hiyo hiyo.