Ukitaka kurudi kufundisha chuo kilichokulea

Kila mwaka vijana wangu wa kikapu wakikaribia kuhitimu, hakosi mmoja wa kunifuata: "Kocha, nibakie hapa nikusaidie timu." Wanajua nami nilicheza hapahapa, nikaenda kufundisha sekondari mkoani, ndipo chuo kikaniita. Jibu langu ni lilelile: nenda kwanza. Na huwa nawasimulia habari za Roy Williams, kocha wa kikapu wa vyuo vya Marekani.

Williams alisoma Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani. Hakuwa nyota. Aliishia timu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kisha akawa anaandika takwimu za mechi kwa kocha Dean Smith. Alipohitimu alikwenda kufundisha shule ya sekondari milimani huko North Carolina, miaka mitano. Mwaka 1978 Smith akamwita awe msaidizi wa muda, kwa dola 2,700 kwa mwaka, naye ana mke na mtoto mchanga. Ili mkono uende kinywani aliuza kalenda za timu, na Jumapili akawa anaendesha gari masafa marefu kupeleka kanda za kipindi cha Smith kwenye vituo vya televisheni. Hapo ndipo nawataka vijana wasikilize vizuri. Kazi ile haikuwa na heshima yoyote machoni pa watu, na aliifanya miaka.

Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kansas wakampa timu, ingawa hajawahi kuwa kocha mkuu wa chuo. Alikaa misimu 15, akashinda mechi 418 na kufika nusu fainali ya taifa mara nne. Katikati ya hayo, mwaka 2000, North Carolina wakamwita arudi. Akakataa! Wachezaji aliowasajili Kansas walikuwa bado mikononi mwake, na yeye alikwishawapa neno lake. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko vikombe. Walipomwita tena mwaka 2003 alikubali, na mwaka 2005 akawapa ubingwa wa taifa, kisha 2009 na 2017.

Nilichokipata mimi sekondari nisingekipata kwa kubaki chuoni. Kule hakuna wa kumuuliza. Unachora uwanja kwa chokaa asubuhi, unamweleza mzazi kwa nini bintiye hakuanza mechi, na mchana unaamua peke yako nani atoke zikiwa zimebaki dakika mbili. Niliporudi chuoni, walimu walionifundisha walikuwa sasa wenzangu kazini. Wengine waliendelea kuniona yule kijana wao, na ni haki yao. Lakini katika kikao cha bajeti ya timu niliweza kutaja ninachohitaji na kukitetea, kwa kuwa nilikwishaendesha timu bila hata mipira ya kutosha. Anayebaki tangu mwanzo huona haya kudai. Nimewaona.

Tahadhari moja: ukiwa huko, usifundishe kama mtu aliyekaa stendi anasubiri basi. Watoto wanajua mara moja kocha ambaye moyo wake haupo pale, na hawatakukimbilia ulinzi.

Basi ukinijia na ombi hilo mwaka huu, njoo na jina la shule isiyo na kocha, hata iwe mbali. Barua ya kukutambulisha nitaiandika siku hiyohiyo, na mipira miwili ya kuanzia nitakupa.