Macho mekundu: kaskazi haina kosa, kichupa ndicho chenye kosa

Joto likipanda, barua za macho huongezeka. Nimechukua tano.

Shikamoo daktari. Kila Januari nyumba nzima tunaamka macho mekundu, yamegandana kwa matongotongo. Ni joto au vumbi? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba. Ni virusi, kama vile vilivyoenea Dar es Salaam nzima Januari 2024. Joto linavisaidia tu: jasho linatiririka, mtu anajipangusa uso kila dakika kwa mkono uleule ulioshika bomba la daladala, na bafuni taulo ni moja kwa watu sita. Aina yake moja, virusi vya adeno, huweza kukaa siku kadhaa kwenye kitasa au simu. Antibayotiki haziviui, macho mengi hupona yenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Kila mtu awe na taulo yake, nawa kwa sabuni, na mgonjwa abaki nyumbani. Mkojo, chumvi, tangawizi na chai ya rangi visiingie machoni mwa mtu.

Nikimtazama mgonjwa machoni nitaambukizwa?

Hapana. Nimeshalijibu hili mno. Mkimaliza kushikana mikono ukajifikicha, hapo utaambukizwa.

Mwanangu wa kiume ana miaka saba. Kila kiangazi macho yanamwasha. Duka la dawa wananiuzia matone ya deksamethasoni, akiweka siku mbili anatulia. Huu ni mwaka wa pili. Niendelee? (Mama, Dodoma)

Usinunue tena, mama. Mpeleke kliniki ya macho wiki hii, na vichupa vyote ubebe.

Unavyoeleza, huo ni mzio wa macho. Huwapata zaidi wavulana, na wengi hupata nafuu wakibalehe. Huko kwenye baridi hupamba moto miezi ya machipuko. Kwetu mtoto anaweza kuwashwa mwaka mzima, akazidiwa wakati wa joto, ukavu na vumbi. Mwangalie kwa karibu: weupe wa jicho umeingia ukahawia kuzunguka mboni, na uchafu unavutika kama uzi. Daktari akigeuza kope la juu huenda akakuta vinundu vimejipanga kama kokoto.

Matone hayo ni ya steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe; yanatuliza kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukiyatumia miezi na miezi, presha ya macho hupanda bila maumivu yoyote, ikaua mshipa wa fahamu wa jicho, na uoni uliopotea hivyo haurudi. Mtoto wa jicho naye hufuata, kwa mtoto ambaye hajamaliza darasa la pili! Muwasho haupofushi watu kwa kasi ya dawa hii inayouzwa kama peremende. Muuzaji anayeitoa bila cheti anajua anachofanya, na mimi simwonei haya. Yapo matone ya mzio, kama kromoglikati na olopatadini, yanayotumika msimu mzima kwa usalama. Ongeza kofia yenye ukingo, kitambaa cha maji baridi, na mkataze kufikicha. Steroidi aandike daktari anayempima presha ya macho, kwa siku chache.

Wakati wa kuvuna, jani la mahindi lilinikwaruza jicho. Jirani alinipa matone ya mwanawe, sasa naona doa jeupe. (Mkulima, Mbeya)

Nenda hospitali leo, siyo baada ya kumaliza shamba. Jani huingiza kuvu kwenye kioo cha jicho, na msimu wa mavuno ndio wakati wake. Matone ya jirani yakiwa ya steroidi, huilisha kuvu hiyo. Jicho huweza kutoboka. Dawa ya macho haiazimwi, jamani.

Jicho moja jekundu, linauma, mwanga siustahimili, wala halina matongotongo. Ni baridi ya Njombe? (Msomaji)

Baridi iache. Dalili hizo ni za uvimbe ndani ya jicho, na chanzo hutafutwa mwilini: kifua kikuu, kaswende, VVU, maradhi ya viungo, mara nyingine hakipatikani. Ukichelewa, mboni hugandana na lenzi nyuma yake. Daktari atapanua mboni na atakupa steroidi, safari hii kwa haki. Ukishatibiwa, siku wekundu na maumivu vikirudi usisubiri hali ya hewa ibadilike. Rudi kliniki siku hiyohiyo.