Gorogoro Iliyobonyezwa na Fungu la Kumi

SWALI: Mchungaji, ninauza mahindi na maharagwe katika soko la Kibuye, Kisumu. Wenzangu wamebonyeza vitako vya gorogoro zao, yaani mikebe ya kupimia nafaka, ili ijae upesi, nami nikiuza kwa kipimo kamili sipati faida kama yao. Je, nikifuata desturi ya soko huku nikitoa fungu la kumi kwa uaminifu, nina kosa?

JIBU: Ndiyo, mama, lipo kosa, na fungu la kumi haliliondoi. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara walioingoja Sabato iishe ili waipunguze efa, kipimo cha nafaka cha siku zile, na kuikuza shekeli waliyopimia fedha ya mnunuzi. Watu hao hawakuwa wameacha ibada, na hilo ndilo linalonitisha. Zakayo naye, yule mtoza ushuru wa katika Luka 19, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne.

Tena anayepunjwa zaidi ni yule anayenunua gorogoro moja kwa chakula cha siku, kwa kuwa mwenye fedha hujinunulia gunia zima.

Sikushauri uuze kwa hasara. Tumia gorogoro nzima, upandishe bei kwa kadiri ya kipimo na uwaeleze wateja sababu waziwazi. Au uuze kwa kilo, kwa mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo. Baadhi ya wateja watakukimbia mwanzoni. Wenzako nao usiwatangaze kanisani kabla hujazungumza nao sokoni.