Je, Robert Fitzwalter aliongoza chama cha siri?
Mkuu, umeuliza kama Fitzwalter, kabaila wa Kiingereza, alikuwa na chama cha siri dhidi ya Mfalme John wa Uingereza. Siri ilikuwa njama ya 1212 ya kumuua mfalme tu; ilipovuja akakimbilia Ufaransa. Mwaka 1215 aliasi mchana kweupe, akijiita Jemadari wa Jeshi la Mungu na Kanisa Takatifu (jina kubwa kuliko jeshi lenyewe). Ngome ya Northampton yeye na waasi wenzake waliizingira wiki mbili hivi bila mitambo ya kubomolea kuta, wakaondoka mikono mitupu. London waliingia Mei 17, Jumapili, watu wakiwa kanisani. Kwenye kuzingira ngome, John ndiye aliyeijua kazi: kule Rochester, ngome iliyoshikwa na waasi, alichimba handaki chini ya mnara, akaagiza nguruwe 40 walionona, mafuta yao yakakoleza moto kwenye nguzo za mbao zilizoshikilia handaki, kona nzima ikaporomoka. Fitzwalter alitekwa vitani mjini Lincoln, Mei 1217.