Kwa nini kaboni 14 haitoshi kwa matumbawe ya kale

Umeuliza kwa nini matumbawe yaliyobaki juu ya ufuo wa leo hayapimwi umri kwa kaboni 14, ile kaboni yenye mionzi inayopungua kadiri miaka inavyopita. Kaboni hiyo hufifia mno ikishapita miaka 50,000 hivi, na fukwe nyingi za kale zilizo juu ya maji ni za miaka 125,000 hivi iliyopita. Hapo tunategemea urani na thori, metali mbili zenye mionzi: tumbawe likiwa hai hunyonya urani ya bahari, thori karibu hakuna, kisha thori huongezeka polepole kadiri urani inavyooza, yaani inavyogeuka kuwa thori. Ila kagua sampuli kwa lenzi kwanza, tafadhali! Ukiona aragoniti, madini ya asili ya tumbawe, imegeuka kalisaiti, madini mengine ya chokaa, chembe zinametameta kama sukari, iache. Umri utakaopata utakudanganya. Na kimo cha tumbawe pekee hakitoshi kukuambia bahari ya kale ilifika wapi. Kule rasi ya Huon, Papua Guinea Mpya, ardhi yenyewe imeinuka, kwa hiyo ondoa mwinuko huo kabla hujataja kimo cha bahari.